Hitilafu ya umeme isiyoeleweka kwenye gari: anza na mita, vipuri vije baadaye

Kuna baba mmoja aliniletea Noah yake Jumatatu asubuhi, ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa Jumatatu ya nne mfululizo gari hilo kugoma kuwaka. Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa linawaka kwa stata moja. Jumamosi linakwenda sokoni na kurudi. Jumatatu alfajiri stata inagonga mara moja, taa za dashibodi zinafifia, basi. Alikuwa ameshanunua betri mbili na altaneta moja, yaani mashine inayochaji betri injini ikiwaka. "Fundi," aliniambia, "hapa kuna mkono wa mtu."

Nitarudi kwenye gari lake, maana lilipopimwa lilijieleza lenyewe, na hesabu yake inafundisha mengi. Mwongozo huu nimeuandika kwa mwenye gari aliyechoka kubadilishiwa vipuri, na kwa kijana anayejifunza ufundi umeme chini ya mwembe. Kinachoniuma ni fedha za watu. Nimeona altaneta nzima zikitolewa, betri nzima zikiuzwa kwa wanunuzi wa chakavu, kontroli boksi (kompyuta za gari) zikibadilishwa, na kumbe shida ni boliti moja yenye kutu.

Umeme wa gari hutembea kwa mduara. Unatoka kwenye chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi, swichi au relei (swichi inayowashwa kwa umeme), unafika kwenye taa au mota na kufanya kazi, kisha unarudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Ukikwama popote katika mduara huo, kifaa kinadhoofika au kinazimika. Ukipata njia ya mkato, fyuzi inaungua. Ukipata njia ya kando, taa zisizohusika zinawaka zenyewe. Ukivuja wakati gari limezimwa, betri inaisha usiku. Kila kioja utakachokutana nacho ni kimojawapo cha hivi vinne, au viwili kwa pamoja.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji mita ya kidijitali yenye tundu la ampia 10. Ya bei ya kawaida inatosha. Unahitaji pia taa ya kupimia, ambayo unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa balbu ya wati 21 na nyaya mbili, spana namba 10 (ndiyo inayofungua tarminali, yaani vishikizo vya nyaya za betri, za magari mengi ya Japani), brashi ya waya, msasa, tochi, na daftari. Daftari nalihesabu kuwa kifaa sawa na mita.

Kabla ya kushika chochote, vua pete na saa. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Hapo spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, haitapiga cheche.

Nyaya zilizofungwa kwa mfuko au soketi za njano chini ya usukani na viti ni za mifuko ya hewa. Usizipime kwa mita, wala usizichokoe kwa taa ya kupimia. Mfuko ukifyatuka usoni pako unaumiza vibaya. Nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye Aqua, Prius na magari mengine ya haibridi zinabeba umeme unaoua. Kwenye magari hayo, kwa mwongozo huu, shughulika na betri ndogo ya volti 12 na mfumo wake tu.

Kuna tabia moja ya gereji zetu ambayo naomba tuiache: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima altaneta". Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kasi, na zikifika kwenye kontroli boksi zinaweza kuiua papo hapo. Zamani, kwenye magari yasiyo na kompyuta, mtu aliponea. Siku hizi unacheza na kifaa cha bei kubwa kwa ajili ya jibu ambalo mita inakupa kwa sekunde tano.

Hatua ya 1: sikiliza kabla ya kufungua boneti

Muulize mwenye gari, au jiulize mwenyewe, na uandike. Linatokea lini hasa: asubuhi, injini ikiwa moto, mvua ikinyesha, ukipita kwenye matuta, ukikata kona, ukikanyaga breki, ukiwasha kiyoyozi? Vifaa gani vinaharibika kwa pamoja? Na swali ambalo watu wengi hulisahau: ni kitu gani kilifungwa, kilibadilishwa au kiliguswa mara ya mwisho kabla ya tatizo kuanza? King'ora, redio, kifaa cha kufuatilia gari, taa za ziada, kamera ya nyuma, hata kupigwa rangi au kubadilishwa kioo cha mbele.

Vifaa vinavyokufa pamoja vina kitu wanachoshirikiana. Ikiwa wipa, feni na vioo vya milango vinazima kwa wakati mmoja, usianze kufungua mota ya wipa. Tafuta fyuzi, relei au sehemu ya ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) inayovihudumia vyote vitatu. Mchoro wa nyaya wa gari lako ukiupata, hata kwenye simu, umeshapunguza nusu ya safari.

Hatua ya 2: betri, kwa namba

Acha gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi, kabla ya kufungua mlango kama inawezekana, pima volti kwenye nguzo za risasi zenyewe. Volti 12.6 na kuendelea, imejaa. 12.4, imebaki robo tatu. 12.2, nusu. 12.0, robo. Chini ya hapo haina kitu. Kama huwezi kusubiri usiku, washa taa za mbele dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya kwa juu.

Sasa mwambie mtu apige stata huku ukitazama mita. Betri nzima hubaki juu ya volti 10 hivi. Ikianguka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, imechoka. Lakini tazama jambo lingine pia: kama stata haizunguki, na mita imekaa palepale 12.5, usiilaumu betri. Volti hazishuki kwa sababu umeme hautoki. Kuna mahali umekwama kati ya betri na stata, au stata yenyewe ina shida.

Kisha fanya kipimo kidogo ambacho kimewaokoa wateja wangu wengi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi na nyingine kwenye tarminali inayoikumbatia, yaani upande uleule, halafu stata ipigwe. Inatakiwa isomeke karibu sifuri. Ikisomeka nusu volti, kuna ukoko kati ya nguzo na tarminali hata kama kwa macho panang'aa. Fungua, sugua kwa brashi na msasa, osha ule ungaunga mweupe au wa kijani kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo, kausha, kaza, paka grisi juu. Gari la Tanga, Mombasa au Unguja, linalolala karibu na bahari, litahitaji kazi hii mara nyingi kuliko la Dodoma. Chumvi ya hewani haina huruma na shaba.

Hatua ya 3: chaji

Washa injini, washa taa za mbele na feni, pima betri. Kati ya 13.8 na 14.5 ni vizuri. Zaidi ya 15, rekyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, imeharibika: balbu zitaungua mara kwa mara, betri itachemka na kunuka mayai yaliyooza, na vifaa vya kielektroniki vitaanza vituko. Chini ya 13, haichaji ipasavyo.

Angalizo: magari mapya kiasi hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo 12.9 peke yake haitoshi kuitia hatiani altaneta. Ipe mzigo: taa za fulu, feni hadi mwisho, kiyoyozi. Altaneta nzima itaamka na kupanda.

Kwenye Toyota nyingi, nyuma ya altaneta kuna soketi ndogo yenye nyaya za IG, S na L. Hizi ndizo zinazoiambia altaneta iamke, ichaji kiasi gani, na zinazowasha taa ya betri kwenye dashibodi. Fyuzi ya mmojawapo ikiungua au soketi ikilegea, altaneta nzima huonekana mbovu. Angalia hapo kabla hujaenda dukani.

Diodi za altaneta, zinazogeuza umeme wake uende upande mmoja, zikifa, umeme wake unakuwa na mawimbi. Redio inavuma kufuata mwendo wa injini, taa zinachezacheza, dashibodi inaonyesha onyo lisilo na mwenyewe. Weka mita kwenye volti za AC (umeme wa mawimbi), injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Kikizidi nusu volti, diodi hazifai. Ila jaribu mita yako kwanza injini ikiwa imezimwa: mita nyingine za bei rahisi husoma volti 20 na zaidi za AC kwenye betri iliyotulia. Mita ya namna hiyo haiwezi kukupa jibu hili.

Hatua ya 4: ethi, mahali pa kukaa muda mrefu

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha ethi. Ni ule waya mweusi unaotoka hasi ya betri na kufungwa kwenye bodi, pamoja na mwingine unaofungwa kwenye injini au giaboksi, na nyaya ndogo nyingi zinazofungwa kwa boliti kwenye chuma cha bodi, ndani na nje. Watu hufuatilia umeme unaokwenda na kusahau unaorudi. Boliti ya ethi ikishika kutu, au fundi wa rangi akapuliza rangi juu yake, au aliyeshusha giaboksi akasahau kurudisha waya mmoja, gari linaanza kufanya mambo ambayo hayaelezeki kwa macho.

Mfano ninaokutana nao sana: unakanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka kidogo, au indiketa inaacha kupepesa na kubaki inang'aa hafifu. Sababu yake ni hii. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani, wa wati 5 kwa taa ndogo na wa wati 21 kwa breki, na zote hurudi kwa ethi moja. Ethi hiyo ikikatika, umeme wa breki unaingia kwenye uzi wa wati 21, haupati pa kurudia, unageuka na kupita kwenye uzi wa wati 5 kinyumenyume, unapanda waya wa taa ndogo, na kutafuta ethi kupitia taa nyingine zozote zilizoungwa kwenye waya huo, zikiwemo za dashibodi. Hiyo ndiyo njia ya kando niliyoisema mwanzo. Balbu ya uzi mmoja iliyolazimishwa kwenye soketi ya nyuzi mbili inaleta kisa kilekile, kwa hiyo kabla ya kufuata waya, toa balbu uitazame.

Ethi haipimwi vizuri kwa omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya thelathini utasoma omu sifuri na kukuambia uko sawa, kisha ushindwe kubeba stata. Ethi inapimwa ikiwa na mzigo, kwa volti:

Ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Piga stata. Isizidi volti 0.2, ikifika 0.5, waya wa injini hauwezi kazi yake. Kisha ncha nyekundu ipeleke kwenye bodi, washa taa, feni na wipa. Hapo isizidi 0.1. Kisha fuata kifaa chenye shida: weka ncha nyekundu kwenye waya wa ethi wa kifaa hicho kikiwa kimewashwa. Volti yoyote unayoisoma hapo ni volti ambayo kifaa kimenyimwa.

Ethi ya injini ikiwa imekufa kabisa, umeme wa stata, ambao ni mamia ya ampia, utapita popote penye chuma: kebo ya gia, kebo ya eksileta, waya mwembamba wa sensa. Ukiona kebo inapata moto au kutoa moshi wakati wa kupiga stata, acha mara moja na ufunge ethi mpya. Kwa haraka, kabla hujafungua chochote, unganisha waya wa kubustia kutoka hasi ya betri mpaka kwenye chuma cha injini. Vituko vikiisha, umempata mhusika.

Hatua ya 5: betri inayoisha gari likiwa limelala

Sasa turudi kwa Noah. Betri mpya, chaji 14.2, ethi safi. Kilichobaki ni uvujaji.

Funga mita kwenye tundu la ampia 10, fungua waya wa hasi, na uweke mita katikati ya waya huo na nguzo ya betri. Usipige stata wala kuwasha taa za mbele mita ikiwa hapo. Utaunguza fyuzi yake. Acha boneti wazi, sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi kijifunge ili gari lidhani mlango umefungwa, peleka funguo mbali ikiwa ni za kisasa, kisha subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Kompyuta za gari huchukua nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kulala. Anayepima dakika ya pili anaona ampia 2 na kuanza kukata nyaya zisizo na kosa.

Gari likishalala, kiwango cha kawaida hakizidi miliampia 50, yaani ampia 0.05. Noah ilikuwa inavuta 0.62.

Fanya hesabu nami. Baba yule huegesha gari saa 8 mchana Jumamosi na kulifuata saa 12 asubuhi Jumatatu: saa 40. Mara 0.62, ni karibu ampia-saa 25, kwenye betri ya 45. Zaidi ya nusu imekwenda. Siku za kazi huegesha saa 1 jioni mpaka saa 12 asubuhi: saa 11, karibu ampia-saa 7. Betri inavumilia, altaneta inarudisha. Kwa hiyo Jumanne hadi Ijumaa gari zima, Jumatatu maiti. Tena betri ya kawaida ya gari ikishushwa hivyo kila wiki, sahani zake zinaharibika, ndiyo maana na ile ya pili ilikuwa inaelekea kufa.

Kumtafuta mvutaji, wengi huchomoa fyuzi moja moja wakitazama mita ishuke. Inafaa, ila kuchomoa na kurudisha kunaweza kuiamsha kompyuta na kukurudisha mwanzo. Mimi huacha fyuzi mahali pake na kupima milivolti kati ya vijicho viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwake. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri kamili. Inayopitisha huonyesha kitu. Kwenye fyuzi ya ampia 10, milivolti 0.7 hivi ni kama miliampia 100.

Kwa Noah ilikuwa fyuzi ya redio. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, megahezi 76 mpaka 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo karibu kila gari lililotoka Japani limefunguliwa dashibodi angalau mara moja, ama kubadilishiwa redio, ama kufungiwa kifaa cha kuongeza masafa. Redio ya kununua ina waya wa njano kwa umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kutoka kwenye swichi ya funguo. Aliyefunga ile alivisokota viwili pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio ya skrini ilikuwa inazimwa kwa kitufe, kioo kinakuwa cheusi, lakini ndani haikulala hata siku moja. Mkono wa mtu ulikuwepo kweli. Niliutenga waya mwekundu na kuupeleka kwenye umeme wa swichi. Mita ikasoma 0.03.

Kama hakuna fyuzi inayoonyesha kitu na mita bado inasoma juu, tazama nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye tarminali za betri: king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, amplifaya, taa za ziada. Kisha altaneta. Fungua hasi, toa waya mnene wa altaneta, uufunike vizuri kwa tepu, rudisha hasi na upime tena. Ikishuka, diodi zinavujisha.

Hatua ya 6: fyuzi inayoungua mara kwa mara

Fyuzi inaungua ili waya usiungue. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimefungua magari yaliyowekewa kipande cha waya, msumari, au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, na moja ya hayo mkeka wa ndani ulikuwa umeanza kuungua na watoto huketi juu yake. Weka namba ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa boksi. Rangi zake ni zilezile kwa magari mengi: 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe, 30 kijani.

Usimalize pakiti nzima ya fyuzi ukijaribu. Chukua ile balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili uiweke mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na itazuia mkondo usizidi ampia 2 hivi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Sasa chomoa soketi za vifaa vya fyuzi hiyo, kimoja baada ya kingine, na utikise nyaya. Balbu ikififia ghafla au kuzimika, hapo ulipo mkono wako ndipo penye shoti.

Tazama pia wakati inapoungua. Ikiungua unapoingiza gia ya nyuma, fuata taa za kurudi nyuma. Ikiungua unapopita kwenye tuta, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi gari likiruka.

Hatua ya 7: tatizo linalokuja na kuondoka

Hili ndilo gumu, na halina njia ya mkato. Inabidi ulilazimishe litokee mbele yako.

Anza na sehemu zinazokunjwa kila siku. Mpira unaopitisha nyaya kati ya bodi na mlango wa dereva hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Ndani yake nyaya hukatika huku ganda likionekana zima. Vivyo hivyo kwenye mlango wa nyuma unaonyanyuka juu, ambako taa ya namba, wipa ya nyuma, taa za juu za breki na kamera hufa kimojakimoja. Vuta mpira, na uvute kila waya polepole. Uliokatika ndani utarefuka kama ukanda wa ndala.

Honi ikizima pamoja na vitufe vya usukani, na taa ya mifuko ya hewa ikiwaka, mshukiwa ni riboni inayozunguka ndani ya usukani. Hiyo mpe fundi mwenye uzoefu wa mifuko ya hewa.

Tatizo likija na mvua, inua kapeti upande wa abiria na uguse chini yake. Maji yanayoingia kupitia kioo cha mbele kilichobandikwa vibaya, au mfereji wa chini ya wipa ulioziba majani, hushuka hadi kwenye soketi zilizo pembeni miguuni. Gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko, hata kama lilikaushwa na kuoshwa vizuri, huanza kusumbua miezi baadaye: soketi zinaota kijani ndani. Fungua soketi, tazama rangi ya pini. Puliza kemikali ya kusafisha viunganishi, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, na kaza pini zilizotanuka.

Na panya. Gari linaloegeshwa wiki nzima karibu na ghala au kichaka hugeuka nyumba yao. Tafuta mavi madogo juu ya betri na maganda ya nyaya yaliyotafunwa, hasa nyuma ya injini kusikofikiwa na macho. Tochi na kioo kidogo vitakuonyesha.

Baada ya hapo, injini ikiwaka au kifaa kikiwa kimewashwa, tikisa nyaya fungu kwa fungu, gonga relei taratibu kwa mpini wa bisibisi, puliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwenye kifaa unachokishuku. Endelea kwa subira. Relei ya kawaida unaweza kuibadilisha kwa muda na ya honi au nyingine yenye namba ileile.

Hatua ya 8: kompyuta, baada ya hayo yote

Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huziandika, ni msaidizi mzuri ikija kwa zamu yake. Volti zikiwa chini, gari huandika kodi kumi za vifaa vizima. Kwa hiyo hakikisha betri na ethi kwanza, andika kodi zote daftarini, zifute, endesha, soma tena. Zinazorudi ndizo za kushughulikia.

Kodi zikitaja sensa tatu au nne kwa mpigo, usizinunue zote. Sensa nyingi hushirikiana umeme wa volti 5 kutoka kontroli boksi, na moja ikipiga shoti inazivuta wenzake chini. Pima hizo volti 5 kwenye soketi. Kama hazipo, chomoa sensa moja moja mpaka zirudi.

Kodi zinazoanza na herufi U maana yake kompyuta hazisikilizani. Kwenye magari mengi yenye mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia, fungua betri, pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani. Karibu omu 60 ni sawa. Ukipata 120, upande mmoja wa mtandao umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Mashine isipowaka kabisa, tazama kwanza kama kuna umeme kwenye pini 16 na ethi kwenye pini 4 na 5. Mara nyingi ni fyuzi ya kiberiti cha sigara au ya taa ya ndani tu.

Kuunganisha waya na kuhakikisha

Waya uliokatika usiusokote na kuufunga kwa tepu. Joto la boneti huyeyusha gundi ya tepu, unyevu unaingia, na baada ya msimu mmoja wa masika umerudi ulipoanza. Unganisha kwa risasi ya kuyeyusha, au kwa kiunganishi cha kubana kwa koleo lake, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na uufunge usininginie. Kwenye waya unaotikiswa na injini, kiunganishi cha kubana kinadumu kuliko risasi, kwa sababu risasi huufanya waya uwe mgumu na ukatike pembeni yake.

Kisha rudia hali ileile iliyoleta tatizo. Kama lilikuwa la mvua, mwagia maji. Kama lilikuwa la injini moto, endesha mpaka ipate moto. Noah ile nilimwomba mwenyewe aniachie kwa wikiendi iliyofuata, bila kuiwasha. Jumamosi saa 8 mchana betri ilisoma 12.63. Jumatatu saa 12 asubuhi alikuja, nikampa mita ashike mwenyewe: 12.59. Akaingia, akapiga stata mara moja, akaenda kazini.